pH imeshuka? Weka chupa chini kwanza

Maelekezo mengi ya kutunza tangi la matumbawe nyumbani yana jedwali zuri la viwango, lakini tiba yake ni mbovu. pH ikisoma 7.8, unaambiwa uongeze dawa ya kuipandisha. Kesho imeshuka tena, unaongeza tena.

Jamani, mbona hayaulizi imeshuka kwa nini? Maji ya bahari huwa karibu 8.1. Kwenye chumba kilichofungwa watu wanapumua, hewa ukaa inajaa, inayeyuka majini na kuleta asidi. Usiku hali huzidi, maana mwani hauitumii tena hewa hiyo ila viumbe wote bado wanapumua.

Dawa haiondoi hewa ukaa. Inapandisha ualkali, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi. Ukizidi, kalsiamu inaganda kuwa chokaa kwenye pampu na hita. Matumbawe yanakosa kalsiamu ya kujengea mifupa yao, na wewe umeshalipia chupa tatu.

Maelekezo yangeanza na jaribio hili la bure: chota kikombe cha maji, kipeleke nje, kipulizie hewa kwa pampu ndogo saa nzima, kisha pima upya. pH ikipanda, tatizo ni hewa ya chumbani, fungua madirisha. Isipopanda, pima ualkali. Ukiwa chini ya 7 dKH, hapo sasa chupa ina kazi.

Kutaja dozi bila kutaja chanzo ni kuuza dawa, si kufundisha kemia.