Wachawi wa Zambia wamenipata

Jamani, mlikuwa wapi hamkuniambia? Jana usiku nimeisikiliza Lazy Bones!! kwa mara ya kwanza, nikairudia, kisha nikaacha kuhesabu. Jirani amegonga ukuta mara mbili. Ana haki yake, ila angetulia kidogo akasikiliza, naye angeongeza sauti.

Hii ni albamu ya mwaka 1975 ya WITCH, bendi ya Zambia. Jina lao ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba wamekusudia kuleta vurugu, na vurugu wameileta kweli. Gitaa la Chris Mbewe linavuma kama nyuki waliochokozwa: linakwaruza, linalia, linazama, mara linaibukia upande usioutazamia. Besi yenyewe haina habari, inatembea zake kama mzee anayetoka msikitini. "Strange Dream" ndiyo iliyonimaliza! Sauti ya Emmanuel Chanda humo ni ya mtu aliyeamshwa usiku wa manane, bado hajajua yuko wapi. Mashabiki walimwita Jagari, jina lililotokana na Mick Jagger. Kwangu mimi, kuanzia jana, deni liko kwa Jagger.

Na kinachoniuma ni hiki: albamu hii ilirekodiwa Nairobi, studio za Sapra. Nairobi hapa hapa! Sisi tuliolelewa kwa rumba na taarabu tukaaminishwa kwamba roki ni mambo ya Wazungu, kumbe ilipita mlangoni kwetu.

Walioianzisha bendi hii ni vijana waliokulia kwenye neema ya shaba, wakati Rais Kaunda alipoagiza redio zipige muziki wa nyumbani. Mtindo wao ukaitwa Zamrock. Kisha bei ya shaba ikaporomoka, disko likaingia, UKIMWI ukawazoa wanamuziki wengi mno. Jagari, aliyekuwa akijaza kumbi, akaenda kuchimba vito. Katika kikosi kile cha Lazy Bones!! amebaki yeye peke yake.

Lakini muziki haukuzikwa. Mwaka 2012 kampuni ya Now-Again ya Marekani ilitoa upya kazi zao, na mwaka 2023 Jagari akarudi na albamu mpya, Zango, akiwa na Patrick Mwondela kwenye kinanda na vijana kutoka Ulaya. Mwaka uliofuata rapa Tyler, the Creator akachota kipande cha Ngozi Family, Wazamrock wenzao, akakijengea wimbo wake "NOID". (Ngozi kwa Kinyanja ni hatari, siyo hii ya mwilini. Ukisikia gitaa la Paul Ngozi utaelewa.)

Kasoro? Ngoma zinasikika kana kwamba zinapigwa chumba cha pili. Sijali hata kidogo.

Anza na "Strange Dream", halafu "Black Tears". Vaa visikizio vya maana, maana spika ya simu itakunyima besi yote.