Picha Zisizo na Wenyewe: Juu ya Kuonyesha Filamu za Ridhaa Hadharani

Filamu iliyopigwa na mtu wa kawaida kwa kamera ya mkononi imezoeleka kudharauliwa na wahakiki. Haina hadithi, inatikisika, na mara nyingi kichwa cha shangazi kimekatwa na ukingo wa picha. Hata hivyo, tangu mwaka 2002 ipo desturi iliyoanzishwa Marekani na kundi dogo la wahifadhi wa filamu, iitwayo Siku ya Filamu za Nyumbani, ambayo siku hizi huadhimishwa kila Oktoba katika miji ya nchi kadhaa, Japani ikiwa miongoni mwao. Utaratibu wake ni mwepesi. Watu hualikwa waje ukumbini na filamu zao zilizolala kabatini, wajuzi huzikagua, zilizo nzima hutiwa katika projekta, na mwenye filamu husimama akawaeleza waliohudhuria ni nani anayeonekana. Makala haya yanakusudia kuihakiki desturi hiyo, si kwa kuibeza, bali kwa kuuliza ingefaa vipi katika nchi zetu hizi, ambako waliopigwa picha ni wengi na waliomiliki kamera walikuwa wachache mno.

Tuanze na kitu chenyewe, maana vijana tunaowafundisha hawajapata kukishika mkononi. Filamu za majumba ya sinema zilikuwa na upana wa milimita 35. Kwa ajili ya watu wa nyumbani kampuni ya Pathé ya Ufaransa ilitoa utepe wa milimita 9.5 mwaka 1922, na Kodak ya Marekani ikafuata na milimita 16 mwaka 1923. Mwaka 1932 Kodak ilipunguza gharama kwa hila ya kupendeza: utepe wa milimita 16 ulipitishwa katika kamera mara mbili, kila mara ukipigwa picha nusu moja ya upana wake, kisha ukapasuliwa katikati baada ya kusafishwa, ukawa wa milimita 8. Kigurudumu kimoja kilitoa dakika nne hivi. Mwaka 1965 ikaja Super 8, iliyofungwa ndani ya kaseti ambayo hata mtoto aliweza kuipachika. Filamu nyingi za namna hii hazina negativu. Utepe ule ule uliopokea mwanga ndani ya kamera ndio uliosafishwa na kurudishwa kwa mwenyewe, na ndio aliouonyesha ukutani siku ya sikukuu. Basi anayeukwaruza leo amekwaruza nakala ya pekee iliyopo duniani.

Kwa sababu hiyo, sehemu ya maonyesho ninayoistahi kuliko zote ni meza ya ukaguzi, ambayo hadhira huipita bila kuitazama. Hapo mkaguzi huuzungusha utepe kwa mkono, polepole, kidole kikisikiliza ukingo: tundu lililochanika, kiungio cha zamani ambacho gundi yake imekauka, mahali palipopinda. Hunusa pia. Filamu ya asetati inayooza hutoa harufu ya siki, na joto na unyevu huharakisha uozo huo, jambo ambalo mkazi yeyote wa pwani au wa kandokando ya Ziwa Viktoria hana haja ya kufafanuliwa. Utepe uliokwisha kusinyaa kwa kiasi cha asilimia moja tu hauendani tena na meno ya projekta, na meno hayo huurarua. Ukikwama mbele ya taa, huungua papo hapo. Kinyume chake, filamu ya Kodachrome iliyokaa gizani yaweza kutoa rangi nyekundu iliyokoza kana kwamba ilipigwa jana, ijapokuwa huduma ya kuisafisha ilikoma kabisa mwishoni mwa mwaka 2010. Mwandalizi anayetia filamu mbovu katika mtambo kwa kuwa tu watu wamekwisha kukaa vitini hastahili kuitwa mwandalizi.

Kisha taa huzimwa. Filamu hizi, zilizo nyingi, ni bubu, na hapo ndipo uzuri wa desturi hii unapojitokeza: ukimya wa picha unawalazimisha watu waseme. Si jambo dogo. Ni kwa njia hiyo filamu iitwayo Think of Me First as a Person ilipata kujulikana. Baba mmoja wa Kimarekani, Dwight Core, alimpiga picha kwa miaka mingi mwanawe aliyezaliwa na hali ya Down. Mjukuu wake akaikamilisha kazi hiyo. Ikaonekana kwa sababu ya Siku ya Filamu za Nyumbani, na mwaka 2006 ikaingizwa katika orodha ya filamu ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani huzitunza kama urithi wa taifa. Katika orodha hiyo imo pia filamu ya Dave Tatsuno, aliyepiga picha kwa kamera ya milimita 8 ndani ya kambi ya Topaz, jimbo la Utah, ambako Wamarekani wa asili ya Kijapani walifungwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Katika yote mawili anayepiga picha na anayepigwa ni wa nyumba moja, au wa kifungo kimoja. Mwenye filamu anajua majina.

Hapa ndipo hitilafu ilipo. Desturi nzima imejengwa juu ya dhana kwamba mwenye utepe ndiye mwenye habari. Dhana hiyo ikivushwa hadi kwetu inaporomoka. Filamu za ridhaa zilizopigwa Uganda, Kenya, Tanganyika, Kongo na Ruanda-Urundi kabla ya uhuru zilipigwa kwa sehemu kubwa na maofisa, wahandisi, wamisionari na walowezi, ambao walipostaafu waliondoka nazo. Nyingi za zile za Kiingereza zilikusanywa na makumbusho ya Dola na Jumuiya ya Madola yaliyokuwa Bristol, na baada ya makumbusho hayo kufungwa zikahamia katika hifadhi ya nyaraka ya mji huo. Zile za Kibelgiji zimo Brussels na Tervuren. Mwaka 2010 orodha ya filamu zaidi ya 6,000 za makoloni ya Uingereza iliwekwa wazi kwa kila mtu, kazi ya kusifiwa, lakini zinazoweza kutazamwa humo ni chache, na maelezo yake mara nyingi hulitaja jina la bwana mwenye kamera, jina la mkewe, pengine na la mbwa wao, ilhali aliyebeba mzigo mbele ya kamera ni «mpagazi». Hata familia za Kihindi zilizofukuzwa Uganda mwaka 1972, zikapewa siku 90 za kufunga virago, yamkini zinazo hadi leo filamu za Kampala na Jinja katika makabati ya Leicester na Toronto. Huko jina la kila binamu linajulikana. Sijui kama la yaya linajulikana.

Sasa, je, yawezekana picha isiyo na majina ikarudishiwa majina yake? Jibu limo katika filamu moja ambayo ningependa kila mwalimu wa fasihi aitazame, Three Minutes: A Lengthening, ya Bianca Stigter, ya mwaka 2021. Chanzo chake ni dakika tatu za filamu ya milimita 16 iliyopigwa mwaka 1938 na David Kurtz, mhamiaji aliyekuwa akiishi New York na ambaye alipita matembezini katika mji wa Nasielsk, Poland. Wayahudi wa mji huo walikuwa kama 3,000. Walionusurika vita hawakufika 100. Mjukuu wa Kurtz aliikuta filamu hiyo Florida mwaka 2009, ikiwa imeharibika kiasi cha kutoweza kuchezeshwa, na wataalamu wakaiokoa. Ilipowekwa wazi, mwanamke mmoja kijana alimtambua babu yake katika sura ya mvulana anayecheka mbele ya kamera. Mzee huyo alikuwa hai. Alipoonyeshwa, alitaja wenzake na akaeleza maana ya kofia walizovaa wavulana, jambo ambalo mtaalamu yeyote angelitazama mara elfu asilione.

Stigter hatuonyeshi kitu kingine chochote kwa zaidi ya saa moja isipokuwa dakika zile tatu, zikirudiwa, zikisimamishwa, zikikuzwa hadi uso unakuwa madoa. Wako watakaoichosha subira yao. Kwangu mimi huo ndio uhakiki wa kweli, kwa kuwa unakiri kwamba picha haitoshi. Mpiga picha mwenyewe hakujua alichokipiga. Kasoro ninayoiona ni kwamba sauti ya msimulizi wa Kiingereza imekaa mbele mno, na ya mzee inakuja kwa vipande. Laiti ingekuwa kinyume chake.

Kutokana na mfano huo naamini maonyesho ya kwetu yageuzwe kichwa chini: badala ya kuwaambia watu walete filamu, filamu ziletwe kwa watu. Mji ambao milima yake, kanisa lake au soko lake linatambulika katika utepe uliomo Bristol au Tervuren ndio uonyeshwe utepe huo, na nakala ibaki hapo. Najua wapenzi wa projekta watalalamika. Wao hushikilia kwamba filamu lazima ionyeshwe kwa filamu, kwa mlio wake wa kukereketa na mwanga wake unaopepesa. Nauheshimu upenzi huo, lakini sikubaliani nao. Projekta za kawaida za zamani haziwezi kusimamisha picha kwa muda bila hatari ya kuiunguza, na taa zake ni adimu katika miji yetu. Nakala ya kidijitali husimama utakapo. Na pale picha inaposimama ndipo bibi aliyeketi nyuma anapoinuka, akaenda hadi kwenye shuka nyeupe, akaweka kidole juu ya mtu na kusema: huyu ni wa kwa fulani.

Lakini nani atasema, na kwa lugha gani? Nchi zetu zinayo mazoea makubwa ya sauti ukumbini. Katika vibanda vya video vya Uganda VJ huisimulia filamu ya kigeni kwa Kiganda, akitia chumvi na kejeli. Rwanda wanayo agasobanuye. Wapo wanaopendekeza kwamba mtu wa namna hiyo awekwe kuzisimulia filamu hizi bubu. Nadhani wanakosea. VJ hodari huujaza ukumbi kwa sauti yake moja, na watazamaji humsikiliza yeye. Tena tulikwisha kuonja simulizi ya juu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa filamu za elimu uliokuwa Vugiri, Tanganyika, ulitengeneza filamu 35 kwa utepe wa milimita 16, ukazizungusha hadi Uganda na Nyasaland, maneno yakitoka katika sahani za santuri. Mtazamaji alifundishwa, hakuulizwa. Anayehitajika sasa ni mwulizaji, na kwa kazi hiyo sioni anayefaa kuliko mwalimu wa Kiswahili, hasa katika miji ya mipakani kama Busia, Goma au Bukavu, ambako wazee waliopo ukumbini hawana lugha nyingine inayowakutanisha. Mzee ataje kwa lugha yake jina la mtego, la ngoma, la namna ya kusuka nywele. Mwalimu aliandike kama lilivyotamkwa, kisha auulize ukumbi wengine wanaliitaje.

Kinasa sauti kiwepo tangu taa zinapozimwa, maana yanayosemwa gizani hayarudiwi asubuhi. Muziki usipigwe. Nimeona maonyesho ambayo mwandalizi, kwa kuogopa ukimya, alizifunika picha kwa nyimbo tamu, na watu wakatazama kama watazamao matangazo ya utalii. Programu isizidi saa moja. Na kabla ya siku ya watu wote pawe na kikao cha wazee wachache, wanawake na wanaume, wazione filamu zote, wakiwa na mamlaka ya kuzuia. Zimo picha za wagonjwa wa hospitali za misheni, za wafungwa wafanyao kazi barabarani, za wasichana unyagoni ambao hawakuombwa ruhusa na mtu. Mhifadhi wa Ulaya atasema ni historia. Huenda mjukuu wa msichana huyo ameketi safu ya tatu.

Yabaki mambo ya karatasi. Kadi za ukaguzi zinazotumika ng'ambo zina nafasi ya upana wa utepe, urefu wake, hali ya matundu, jina la mwenye mali na anwani yake. Zitafsiriwe, maana zinafaa, ila nafasi zipangwe upya. Kwa mpiga picha mstari mmoja watosha. Kwa majina ya waliopigwa, upande wa pili wa kadi uachwe mweupe wote, pamoja na nafasi ya jina la aliyewatambua na tarehe aliyowatambua.