Majina Ambayo Mathayo Hakuyafuta

Orodha ya Mathayo 1 wengi wetu huiruka. Ilinganisheni na 1 Mambo ya Nyakati 3. Kati ya Yoramu na Uzia, Mathayo amewaacha wafalme watatu: Ahazia, Yoashi na Amazia. Pengine hesabu yake ya vizazi 14 mara tatu ilimbana. Lakini Tamari, aliyezaa na baba mkwe wake, amempatia nafasi. Rahabu wa Yeriko yumo, na Ruthu Mmoabi pia. Bathsheba anaitwa mke wa Uria tu, na hapo aibu ya Daudi inabaki wazi. Sisi, ndugu zangu, hufanya kinyume: babu aliyekuwa chifu hutajwa kila msiba, ila mtoto wa nje ya ndoa hasomwi hata kwenye wasifu wa baba yake.