Magazeti na Vita Yetu

Maneno ya gazeti yapimeni kama mnavyopima kakao: kwa mizani, si kwa macho.

Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Haki ya Kimataifa, kule La Haye, iliamua kwamba majeshi ya Uganda yaliingia Kongo na kuikalia Ituri kinyume cha sheria. Tarehe 9 Februari 2022 ikaiamuru Uganda kulipa dola milioni 325. Siku 15 baadaye Urusi iliingia Ukraine. Magazeti ya Ulaya yakaandika “uvamizi”, na sheria ya mataifa ikawekwa ukurasa wa kwanza. Yalisema kweli. Lakini vita ya kwetu huiita mara nyingi “ugomvi wa makabila”. Neno la kwanza lina mshtakiwa. La pili halina. Hapo ndipo ninapoyalaumu. (Ebola ilipotangazwa Mangina mwaka 2018, njia ya kuja huku waliijua upesi!)

Katika fedha hizo, milioni 225 ni kwa ajili ya watu waliouawa, kujeruhiwa na kukimbizwa makwao. Gazeti linaloandika “makabila” tu litamwelezaje msomaji kwa nini Uganda iliamriwa kulipa?