Maji ya moto yapangwe kabla ya vigae

Nyumba nyingi za Njombe zinapokarabatiwa, hita hununuliwa mwisho, vigae vya bafuni vikiwa vimeshakauka. Fundi bomba hapo hana la kufanya ila kuunga pale alipoachiwa upenyo. Nyumba moja ya vyumba vitatu niliyoifuatilia ilikwenda kinyume: hesabu ilianzia bafuni, ikapanda hadi paani, ndipo wakaenda dukani, vigae bado.

Watu watano, kila mmoja akioga lita 40 za maji ya nyuzi 40, ni lita 200. Asubuhi ya Julai, katika mji ulio takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji ya tangini tuyakadirie nyuzi 15. Yakichanganywa na ya nyuzi 60, lita 111 za moto zinatosha. Likachaguliwa tangi la lita 150, ingawa muuzaji alisifia la 300. Kulipasha lote kwa umeme mtupu kungekula karibu uniti 8 za LUKU, kwa hiyo jua lilipewa zamu ya kwanza. Umeme ukafungiwa saa ya kuuwasha jioni tu, kufidia upungufu. Ukiwaka alfajiri, jua linachomoza na kukuta kazi imeshafanywa na wewe umeshalipa.

Njombe ina bahati: baridi yake huja kiangazi, jua likiwaka. Limuru, Kenya, Julai ni mawingu, na mtambo huohuo ungeegemea umeme zaidi. Ila usiku usio na mawingu huleta sakitu, na paneli bapa zenye maji kwenye mirija ya shaba zinaweza kupasuka. Wakachukua mirija ya vioo yenye ombwe, ikaelekezwa kaskazini, maana miezi hiyo ndiko jua linakopita. Tangi likijaa, mtambo mzima unapita kilo 200. Kenchi za zamani ziliongezewa mbao, mzigo ukatua juu ya ukuta.

Ugumu wenyewe ulikuwa kwenye msukumo. Bafuni maji baridi yalitoka moja kwa moja kwenye bomba la mtaani, yenye nguvu, na ya moto yangeshuka kutoka paani. Kila mita ya kimo hutoa baa 0.1 tu, mita tatu ni 0.3. Ukiyakutanisha maji hayo ya misukumo miwili kwenye koki moja ya kuchanganyia, baridi husukuma moto urudi ulikotoka, na anayeoga huungua au huganda kwa zamu. Fundi alikata bomba la mtaani, akalipeleka kwenye tangi la baridi juu ya mnara, kisha moto na baridi vyote vikaanzia hapo. Sijaona uamuzi bora katika kazi ile nzima, na haukuhitaji kifaa chochote cha bei.

Bomba la hewa liliachwa wazi, likapandishwa juu kuliko usawa wa maji ya mnarani. Lita 150 zikipashwa kutoka nyuzi 15 hadi 60 huongezeka zaidi ya lita 2, nazo lazima zipate pa kwenda. Anayefunga koki kwenye bomba hilo anatengeneza bomu.

Bafu lilihamishiwa upande wa pili wa ukuta wa jikoni. Awali lingekuwa mita 14 kutoka kwenye mtambo. Bomba la PPR la milimita 25 hubeba karibu lita 3 katika urefu huo, na zote hutoka baridi kabla ya moto kufika. Sasa ni mita 4, chini ya lita moja.

Vyumba havikuwekewa hita. Vilipigwa dari na matundu chini ya bati yakazibwa, jambo la busara, kwani joto jingi lilikuwa likipitia huko. Jiko la mkaa la kulala nalo likapigwa marufuku. Moshi wake usioonekana unaua.

Kabla ya kigae cha kwanza, bomba zilijazwa maji kwa pampu ya majaribio zikaachwa usiku kucha. Asubuhi geji ilikuwa palepale, kuta zikapigwa picha futi ikiwa imenyooshwa kando ya kila bomba, kisha fundi vigae akaitwa.