Betri Hii Jamani, Iguse Uone!

Jamani, jamani, jamani! Nisipokusimulia sasa hivi nitapasuka! Natoka kwa jirani yangu, kafungiwa betri mpya ya sola, ile ya lithiamu yenye chuma na fosfati, na mimi niliyezoea betri za maji nilijua nitakuta yale madude mazito, machafu, yenye harufu ya asidi inayowasha pua. Wapi! Kiboksi kimetundikwa ukutani, kisafi, kikavu, kizuri, kimya, hakinuki chochote, na bado!

Umeme ukakatika! Mtaa mzima giza totoro, lakini mle ndani feni haikusita hata kidogo, friji inanguruma zake, mpira kwenye televisheni unaendelea, watoto hata shingo hawakugeuza! Nikaikimbilia betri, nikaiwekea kiganja nikingoja kuungua. Poa! Poa kama mtungi kivulini!

Na utulivu huo si bahati, ni kemia tamu ajabu. Ndani ya fosfati oksijeni imeshikwa kwa nguvu mno, hivyo hata betri ikizidiwa na joto, haiiachii kirahisi ikachochea moto. Kobalti hamna! Nikeli hamna! Mambo haya yalianzia Texas miaka ya 1990, kwenye maabara ya John Goodenough, mzee yule yule aliyepata Nobeli ya Kemia mwaka 2019 akiwa na miaka 97, kwa kazi yake ya betri za lithiamu. Na bado! Fosfati hii kwa asili ni goigoi, umeme inaupitisha kwa shida. Wataalamu wakaisaga ikawa chembe ndogondogo mno, wakazivika kaboni, weee, ikachangamka!

Halafu sikia hili: betri ya maji ukizoea kuikamua kupita nusu, unaiua taratibu. Hii unaikamua karibu yote, kesho jua linaijaza, keshokutwa tena, maelfu ya mara, na wala huongezi maji!

Bei yake ya mwanzo inauma, sikufichi, lakini itakuzikia betri za maji kadhaa. Kwa hiyo rafiki yangu, kabla hujatoa hela yako, nenda duka la sola, tafuta betri yenye maandishi LiFePO4 ubavuni, ndiyo hiyo ya lithiamu, chuma na fosfati, iguse, inuse, kisha mtafute fundi anayejua kazi, akufungie na chaja inayoendana nayo. Nenda leo!