Kulihakiki Jaribio la Dawa

Msomaji, katika nyumba kadha wa kadha za Nyeri, Karatina na Nanyuki yumo bibi anayedai kwamba mkaza-mwanawe amemwibia fedha, au azungumzaye jioni na marehemu mumewe. Wengine hunena karogwa. Wengine, ni uzee tu. Huenda ikawa ni ugonjwa wa ubongo. Mgonjwa wa kwanza wa Daktari Alois Alzheimer, mwanamke aliyelazwa Frankfurt mwaka 1901, naye alimshuku mumewe kwa wivu usio na msingi.

Dawa za kutuliza fikira hizo zipo. Majaribio yake yataka kuhakikiwa kama tuhakikivyo kitabu: yameuliza nini, na yamemsahau nani?

Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2006, wagonjwa 421 walipewa olanzapini, kwetiapini, risperidoni au kidonge kitupu. Watafiti hawakutosheka kuuliza kama kelele zimepungua. Waliuliza ilichukua muda gani hata kidonge kikaachwa, kwa sababu yoyote ile. Nalisifu sana swali hilo, maana nafuu na madhara yamo humo pamoja, kama apimavyo mwenye kumuuguza mzazi. Nusu ya waliopewa olanzapini walikuwa wameiacha kufikia wiki 8.1, wa kidonge kitupu, wiki 8.0. Faida ililiwa na madhara.

Jaribio la pimavanserini, lililochapishwa mwaka 2021, halinipendezi vivyo hivyo. Wote walipewa dawa kwanza, kisha waliopata nafuu tu ndio waliogawanywa. Dalili ziliwarudia 13 katika 100 walioendelea na dawa, na 28 katika 100 waliopewa kidonge kitupu. Tofauti si haba, lakini asiyesaidiwa alikwisha kutolewa nje kabla ya hesabu hiyo kuanza! Mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuiidhinisha kwa wagonjwa hawa mwaka 2021, na tena 2022.

Mamlaka hiyo hiyo ilikuwa imeonya mwaka 2005 kwamba, katika majaribio ya wiki kama 10, wazee waliokufa walikuwa 4.5 katika 100 kwa dawa za aina hii, na 2.6 kwa kidonge kitupu. Mwaka 2008 onyo likazikumba dawa za zamani, ikiwamo haloperidoli, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Kenya.

Na aliyesahauliwa? Habari za mgonjwa hutolewa kwa sehemu kubwa na mtunzaji wake. Yule bibi azungumzaye na mumewe bila hofu hakuulizwa kama ataka anyamazishwe.